Kigingi Namba Thelathini na Moja

Enguserosambu
Alhamisi, 5 Juni 2025

Dada Janeth, shikamoo.

Usishtuke kuona karatasi. Simu yangu ilizama kwenye chemchemi siku ya pili tu, nimeinama kunywa maji ikachomoka mfukoni, nikaizika kwenye mchele kutwa nzima, wapi. Hata ingepona, huku mtandao unaufuata kilimani kama ndama aliyepotea. Kwa hiyo tuandikiane. Adrian anayeendesha gari la dawa la shirika lenu anashuka Karatu kila Alhamisi na kupanda Jumatatu. Mpe bahasha tu, hasomi barua za watu, nimemuuliza.

Dah, nina mambo mengi mpaka kalamu inakwama. Nianze na hili linalonisumbua. Siku ya semina, kabla hatujapanda huku, tuligawiwa vile vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Changu kimeandikwa "Injinia Obedi Qamara". Nikajua wamechanganya, nikaanza kumtafuta huyo Injinia Qamara nimpe cha kwake. Hayupo. Ni mimi. Sasa mimi injinia tangu lini? Wewe ndiye karani wa ofisi, wewe ndiye ulinijazia fomu nikiwa shambani, hebu niangalizie nani kakosea.

Semina yenyewe sasa. Tuliambiwa sisi ni wataalamu tunaojitolea, kila mtu na ujuzi wake, kwa ajili ya amani. Hapo nilielewa. Ikaja sehemu ya uraia wa dunia, kila mtu asimame aseme yeye ni raia wa wapi. Wenzangu wote wakasema wa dunia. Mimi nikasema wa Endamarariek. Watu wakacheka, ila mzee mmoja wa Nepal akanipigia makofi, na ndiye nimepangwa naye huku. Anaitwa Dokta Tamang, amestaafu, anafundisha wakunga kwenye zahanati. Kiswahili chake ni "asante" na "sukuma", hiyo ya pili kaipata chumba cha kujifungulia.

Kazi yangu ni kupima njia ya bomba. Linatoka chemchemi ya msituni, linapita huku juu kwa wafugaji, kwenye zahanati na birika la ng'ombe, halafu linashuka mpaka kwa wakulima wa bondeni, njia ya kwenda Digodigo. Mwaka juzi walipigana kwa ajili ya chemchemi hiyo hiyo, kuna kijana wa bondeni mpaka leo mkono mmoja haunyanyuki. Kukubaliana bomba moja kumewachukua vikao na vikao. Mwenyekiti wa wafugaji, Isaya, kaniambia sijakaa hata vizuri: maji yasipofika chini, wa chini watasema tumeyafunga sisi, na safari hii hawatakuja na fimbo. Kwa hiyo injinia, pima vizuri.

Injinia. Mimi, kijana wa mipira ya kumwagilia wa shamba la kahawa.

Nimepima kwa ule mpira mwangavu wa mafundi ujenzi, unajaza maji unaangalia huku na huku, hauongopi. Nimechonga vigingi arobaini na sita, vichwa nimevipaka rangi nyekundu, na namba nimeandika. Vimependeza kinoma. Leo asubuhi nimekuta kumi na mbili havipo.

Niulizie hilo la injinia. Msalimie mama.

Mdogo wako,
Obedi


Karatu
Jumapili, 8 Juni 2025

Obedi mdogo wangu, marahaba.

Hilo la injinia ni makosa ya uchapaji. Vitambulisho vilichapwa haraka haraka, ndiyo mambo ya ofisi. Usilianzishie maneno huko. Mtu akikuita injinia, itika. Kuitika si dhambi. Na Mama Bernadina, mkuu wetu, hapendi kusumbuliwa na vitu vidogo.

Vigingi vimekuwa kuni, wewe vipi? Wanawake wameokota miti imekatwa, imechongwa, imekauka, nani angeiacha. Chonga vingine, usipake rangi.

Nyumbani wazima. Mbaazi zimebeba. Mama kasikia kwa watu kwamba mwanawe ni injinia, sijui nani kamwambia, basi Jumapili iliyopita akasimama wakati wa matangazo akamshukuru Mungu kanisa zima. Padri akaomba makofi. Kwa hiyo unaona mwenyewe, mambo yameshatembea.

Halafu kuna jambo. Mchoro wa njia ya bomba unatakiwa ofisini kabla ya Ijumaa tarehe 13, umesainiwa na injinia. Usiposainiwa, mabomba yanapelekwa mradi mwingine. Wewe saini tu. Jina lako si unalijua kuliandika.

Dada yako,
Janeth


Enguserosambu
Alhamisi, 12 Juni 2025

Dada Janeth, shikamoo.

Si kuni.

Vimeng'olewa vyote sasa. Kila kilipokuwa kigingi, shimo limefukiwa, limesawazishwa kwa mkono, na juu yake pamewekwa fungu la majani mabichi. Mara arobaini na sita, dada. Kuni gani hizo?

Dokta Tamang kafurahi. Kwao, anasema, majani mabichi wanapewa miungu, kwa hiyo tumebarikiwa. Akawa anasimama kila shimo anakutanisha viganja na kuinama, tukachukua saa nzima kutembea kipande kifupi kama cha kwenda dukani. Mimi naona tumerogwa. Sijui nani yuko sahihi kati yetu, labda hakuna.

Kinachonichanganya zaidi ni watu. Wanaoniletea maziwa asubuhi ni hao hao, wananiuliza nimeamkaje, wananicheka nikipuliza chai. Nikitaja vigingi tu, wanaanza habari za ng'ombe. Namelok, mama wa boma tunalokaa, ninamwita yeyo kama watoto wake wanavyomwita. Nikamuuliza nani kang'oa. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kitambulisho, akasema, "Injinia gani huyu hana hata ndevu." Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Jibu sikupata.

Jana Rafaeli, msemaji wa wakulima, kapanda na wanaume wanane. Wamepita mstari mzima wanahesabu mashimo. Isaya kawasalimia, wameitika nusu. Rafaeli akaniambia mimi, Isaya akisikia, kwamba sasa nimejionea mwenyewe nani hataki amani. Vigingi vyangu, dada. Nilivileta vilete maji.

Mchoro huu hapa ndani ya bahasha. Vipimo nilishachukua kabla havijang'olewa, namba zote zipo. Ila sijasaini. Nimeshika kalamu mara tatu. Pale chini pameandikwa "Mimi injinia niliyesajiliwa nathibitisha kwamba", halafu nafasi. Hayo si makosa ya uchapaji. Mimi bomba la shambani nalijua, miaka sita, linashuka moja kwa moja toka tangi mpaka kitalu cha kahawa. Hili linaingia korongoni, linapanda mgongo wa kilima, ndipo linashuka tena. Naamini yatapanda, kwa sababu mgongo uko chini kuliko chemchemi. Naamini kabisa. Sasa kuamini na kuthibitisha ni kitu kimoja? Mpe Mama Bernadina hivyo hivyo, mwambie atafute injinia mwenye uinjinia wake.

Ukweli nataka kurudi nyumbani.

Obedi


Karatu
Jumapili, 15 Juni 2025

Obedi,

Hii ni ya nne, tatu nimechana.

Hakuna aliyekosea kuchapa. Niliandika mimi. Fomu iliuliza taaluma na cheti, na haina mstari wa mtu aliyejifunza kwenye simu na kwenye matope. Unakumbuka siku pampu ya shamba ilipokufa, wakamleta yule bwana wa Arusha mwenye cheti? Mimi nilikuwa nimekuletea ugali. Alisimama mikono mfukoni, wewe ukaingia shimoni, ukatoka umeitengeneza, yeye akasaini. Wewe hata maji ya kunawa hukupewa. Nilirudi nyumbani siku hiyo sijala. Kwa hiyo fomu ilipokaa mbele yangu, nikaandika Injinia, kwa herufi kubwa.

Na juzi Ijumaa nimeandika tena, pale chini ya mchoro. Sahihi yako naijua, si ni mimi niliyekufundisha kuiandika ukiwa darasa la sita. Mchoro umepokelewa, mabomba yamethibitishwa. Unikasirikie baadaye, sasa hivi chimbeni.

Nakuomba kitu kimoja tu, nyamaza. Maji yakishatoka hakuna atakayeyauliza cheti. Ukisema, kazi yangu imekwisha, na mama hataweza kupita mbele ya kanisa lile.

Wewe unajua zaidi ya wao. Mimi nimeona.

Janeth


Enguserosambu
Jumatano, 18 Juni 2025

Dada,

Barua yako imenikuta nimeshasema.

Ngoja nikuelezee kwa mpangilio, maana kichwa hakina mpangilio. Ijumaa, siku ile ile wewe unasaini, Rafaeli alituma neno kwamba kesho yake wanapanda wote, wanataka kumjua aliyeng'oa vigingi. Nikamfuata Namelok mara ya mwisho. Safari hii hakutania. Akanikalisha, akaniuliza kama nimewahi kujiuliza nani mwingine anapita nchi hii akipanda vigingi vyekundu vyenye namba. Nikasema sijui. Akasema wao wanajua. Mtu wa huku akiona kigingi haoni maji, anaona mpaka. Leo kigingi, kesho unaambiwa ng'ombe wako yuko upande usio wake. Kwa hiyo wanawake waliving'oa, na yeye alikuwa wa kwanza.

Na majani je? Hapo ndipo nilitaka kujificha ndani ya shati. Kwao anayekunyooshea majani mabichi anakuomba amani, huruhusiwi kumpiga. Mimi ni mgeni wao, nakunywa maziwa yao. Walikuwa wananiambia, mara arobaini na sita, tunang'oa lakini hatuna ugomvi na wewe. Mimi nawaza mganga. Kwetu Endamarariek kigingi ni mtu anajenga nyumba, basi. Sikuwaza kuuliza, hata kidogo.

Jumamosi watu walijaa. Wanaume wa bondeni upande mmoja, wa juu upande mwingine, katikati pameachwa wazi kama uwanja. Rafaeli akauliza swali lake. Wanawake kimya, maana wakisema ni wao, imeshathibitika kwamba wafugaji ndio hawataki maji yashuke. Nikamwona Namelok anaanza kunyanyuka. Sijui nini kiliniingia. Nikachuma majani, nikayanyoosha juu, nikasema, "Mimi si injinia. Ni fundi wa mipira. Vigingi ni kosa langu, nilivipanda kwenye ardhi ya watu bila kuwauliza."

Isaya akatafsiri Kimaasai. Nikasubiri fimbo. Kumbe wanawake wanacheka, wanashikana mabega, na mzee mmoja akaja akanitemea mate kiganjani, nikakaribia kulia, Isaya akaninong'oneza kwamba ni baraka, acha kujifuta. Isaya akasema injinia walikuwa wanamwogopa, fundi unaweza kumwambia neno.

Ila Rafaeli hakucheka. Akaniuliza, polepole, "Sasa nani anatuhakikishia kwamba yatafika?"

Wakakubaliana hivi, na hili lilikuwa wazo la Rafaeli. Vigingi visirudi. Siku ya kuchimba watasimama watu arobaini na sita kwenye mashimo, mmoja wa juu mmoja wa chini, wamepishana hivyo mpaka mwisho. Kila mtu anashika namba yake. Hakuna wa kusema mwenzake kasogeza. Tumeshajaribu mara moja, wamesimama vizuri kuliko miti, ila wanapiga soga.

Basi swali la Rafaeli nakurudishia wewe. Kaitoe ile karatasi, dada. Sijui mabomba yatapotea, sijui utafukuzwa, sijui kama nakutendea unyama wewe uliyenisomesha kwa kuuza maharage. Nimegeuza pande zote sioni lililo sawa. Ila jina langu limekaa pale linasema kitu nilichokikana mbele ya vijiji viwili.

Kwa shule na kwa fomu, asante. Sijakukasirikia. Au nimekukasirikia, sijui pia.

Obedi


Endamarariek
Jumapili, 22 Juni 2025

Obedi,

Nimekasirika mpaka nimefua nguo ambazo ni safi.

Barua yako nimeipata Alhamisi jioni. Ijumaa nikaingia kwa Mama Bernadina, nikamwambia yote, fomu na sahihi. Nilidhani atapiga kelele. Aliuliza kama kuna fomu nyingine niliyoichezea. Nikasema hakuna. Akauliza tena. Halafu akaomba funguo za kabati, nikampa, akasema nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Nitaitwa kwa lipi, hakusema. Mabomba yamesimamishwa.

Kuna injinia mwanamke wa Arusha, Antonia, huyo kasajiliwa kweli, kila mwaka anatoa likizo yake kwenda kujitolea. Atapanda na Adrian Jumatatu tarehe 30 apime upya. Mama Bernadina kasema wewe ubaki hapo umwonyeshe njia, baadaye ndiyo watajadili wakufanye nini.

Mama sijamwambia. Ananiuliza mbona niko nyumbani, nasema likizo. Anasema likizo gani ya kufua.

Nilidhani nakupa heshima. Sasa sielewi nilikuwa nampa nani.

Janeth


Enguserosambu
Alhamisi, 3 Julai 2025

Dada Janeth, shikamoo.

Nakaa niandike hili haraka, Adrian anapakia.

Injinia Antonia ni mfupi, anatembea mbele yako kila saa, na anaongea kidogo. Nilimwandalia maneno mengi ya kujieleza, hakuuliza hata moja. Alitaka tu wale watu wa kusimama kwenye mashimo. Jana asubuhi wakasimama wote arobaini na sita, wafugaji wameshakamua, wakulima wamepanda mlima toka alfajiri. Dokta Tamang tukampa namba kumi na tatu, mzee wa juu aliyeshika hiyo namba magoti yanamuuma. Hajawahi kufurahi vile.

Antonia akapita na mashine yake ya kupimia na mchoro wangu, mtu kwa mtu. Namba moja, sawa. Namba tano, sawa. Korongoni akasema pawekwe mlango wa kutolea matope, nikaandika. Vipimo vyangu vyote, dada, vyote, vimekuja na tofauti ya kidole. Kidole kimoja. Nilikuwa natembea nyuma yake kifua mbele, nawaza wewe na yule bwana wa Arusha.

Tukafika juu ya mgongo, namba thelathini na moja. Pale amesimama Namelok. Antonia akaangalia nyuma korongoni, akaangalia mbele bondeni, akaniuliza hapa nimeweka nini. Nikasema bomba. Akasema naona bomba, nauliza umeweka nini cha kutolea hewa. Nikasema hewa gani.

Akachuchumaa akanichorea chini. Maji yakishuka korongoni na kupanda, yanasukuma hewa mbele yao, hewa inakuja kukaa pale juu mgongoni, haina pa kutokea. Maji yanaikuta, yanasimama. Chemchemi iko juu, bomba zima, hakuna panapovuja, na chini halitoki tone. Dawa yake ni valvu ndogo, inaingia kwenye kiganja. Shambani kwetu bomba linashuka tu. Miaka sita sikuwahi kuiona hiyo hewa, na kwenye simu sikuwahi kuitafuta, kwa sababu utatafutaje kitu usichojua kwamba kipo?

Namelok kachungulia mchoro, akasema kumbe siku zote amesimama juu ya hewa. Watu wakacheka. Aliyekuwa namba thelathini na mbili ni Rafaeli. Yeye aliuliza kitu kimoja, kama wangechimba bila hicho kidude ingekuwaje. Antonia akamwambia, bomba kavu. Rafaeli akageuka akamwangalia Isaya, muda mrefu, akasema, "Tungesema ni nyie."

Isaya akajibu, "Na sisi tungejua si sisi."

Mimi nikakaa chini.

Mchoro ulikuwa umeshapokelewa, dada. Wiki hii tungekuwa tunafukia.

Antonia kasaini jana hiyo hiyo, na valvu kaongeza kwa mkono wake. Akaniambia nimepima kama mtu mzima. Tulipomaliza akaniambia pia kwamba ningewaua watu. Kayasema yote mawili kwa sauti ile ile, nimekaa nayo tangu jana, sijui lipi nilibebe. Nilidhani wenye vyeti wana karatasi tu. Wengine wana karatasi tu kweli, tumewaona. Sasa nitawajuaje?

Mabomba yanakuja wiki ijayo. Sijui kama ofisi itaniacha nichimbe nao au nishuke na Adrian. Niulizie. Samahani, nimesahau hauko ofisini.

Mwambie mama, tafadhali. Mimi siwezi.

Obedi


Endamarariek
Jumapili, 6 Julai 2025

Obedi mdogo wangu,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Sina kazi bado. Sina hasira tena pia, nimeitafuta sijaiona.

Mama nimemwambia jana, tukipukuchua mahindi. Nimeanza na fomu, nikamalizia na hewa. Hakuacha kupukuchua. Nilipofika kwenye sahihi alinipiga na gunzi, mara moja, begani, halafu akaendelea. Mwisho akauliza kama hewa haionekani, huyo mama wa Arusha aliionaje. Nikasema hakuiona, alijua tu itakapokaa. Akafikiri. Akasema basi huo ndio uinjinia, na mimi siku nyingine nisiuandike kwa kalamu.

Nikamuuliza wewe nikwambie nini, uje au ubaki, maana Mama Bernadina kamtuma Adrian kwamba uamuzi ni wako.

Mama kasema usije kujificha nyuma yake. Watu wa bondeni walikuuliza kama yatafika, kwa hiyo uchimbe, ukae nao, na ukitaka kurudi hapa nyumbani urudi yakiwa yamefika.

Adrian nimempa hela ya chai kwa kutubebea barua. Majani ya chai na sukari yako viko kwenye mfuko wa bluu, mgawie yeyo wako.

Dada yako,
Janeth